Mawakala wa vyuo vya nje, acheni kudanganya watu kwamba "utajilipia ada kwa vibarua"

Wakuu, nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Kuna uongo mmoja ambao mawakala wa vyuo vya nje wanauuza kila msimu wa udahili: wewe lipa awamu ya kwanza tu, zilizobaki utajilipia mwenyewe ukifika, kazi zimejaa. Mdogo wangu aliambiwa hivyo hivyo kwa ujumbe wa sauti, tena huku mtu anacheka, na wakala ambaye jina lake naliacha. Ndugu tukachanga. Leo kijana yuko Uingereza anasoma shahada ya uzamili, chuo kimemfungia akaunti yake ya masomo kwa sababu awamu ya pili haijaingia, na wakala hapokei simu.

Tupige hesabu ambayo wakala hatakupigia hata siku moja. Viza ya mwanafunzi wa shahada Uingereza inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea. Hata ukibahatika kupata saa zote 20 kila wiki bila kukosa, kwa mwezi unashika kama pauni 1,102. Sasa angalia serikali ya huko huko: tangu Novemba 2025 anayeomba viza anatakiwa aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi akisoma nje ya London, na 1,529 akisoma London, hadi miezi tisa, ukiacha ada ya mwaka wa kwanza. Yaani kibarua halali hakifiki hata kiwango ambacho serikali yenyewe inaona kinatosha kula na kulala. Ada itoke wapi?

Na hizo saa 20 si za kuchezea. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna habari ya kupiga saa 30 wiki hii kisha 10 wiki ijayo ukasema wastani umekaa sawa; hapo umeshavunja masharti ya viza. Mdogo wangu aliahidiwa kwamba miezi ya kiangazi atafanya kazi kutwa nzima afidie. Uongo mwingine! Mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani, kiangazi kwake ndicho kipindi cha kuandika tasnifu, na kwa vyuo vya huko hicho kinahesabiwa kuwa muhula. Saa ni zile zile 20. Halafu kuna hawa wanaowashauri watoto wakodi akaunti ya mtu kwenye programu ya simu ya kusambaza chakula, wakisambaze kwa baiskeli. Viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri, na usambazaji wa namna hiyo kwa kawaida unahesabiwa kujiajiri. Akikamatwa, anayefungasha mizigo ni mwanafunzi. Wakala anaendelea kupokea wateja.

Nililolikuta baadaye ndilo limenivuruga kabisa. Wakala huyo huyo alitaka "kutupangia fedha": anaweka pesa kwenye akaunti ya mwombaji, zinakaa siku 28 mfululizo kama kanuni inavyotaka, kisha anazitoa na kuchukua ujira wake. Tulikataa. Ila najua wapo waliokubali. Jamani, Uingereza ikigundua udanganyifu kwenye maombi, mtu anaweza kufungiwa kupata viza yake kwa miaka 10. Miaka 10 ya kijana wa miaka 22, kwa ushauri wa mtu ambaye maisha yake hayaguswi hata kidogo.

Chuo nacho hakina huruma na sitakitetea. Ada ikikwama, kinaweza kukuondoa masomoni, kikaiarifu serikali, na viza ikafupishwa. Na usipomaliza kozi huna viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo. Ile "miaka miwili ya kazi" iliyojaa kwenye matangazo inatolewa kwa aliyehitimu tu, na watakaoiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kwa shahada ya kwanza na ya uzamili watapewa miezi 18. Nimeona tangazo la juzi juzi bado linasema miwili, pembeni kuna picha ya pasipoti iliyofunikwa namba kwa kikatuni cha moyo. Kuhusu kwenda na mke au mume na watoto, mlango huo ulifungwa Januari 2024 kwa karibu wote wasio kwenye kozi za utafiti, lakini wakala anakuambia "watakufuata baadaye".

Msidhani ni Uingereza peke yake. Kanada iliongeza kiasi cha kuonyesha cha kujikimu kutoka dola za Kanada 10,000 hadi 20,635 Januari 2024, kisha 22,895 Septemba 2025, na nje ya chuo mwisho ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Australia maombi ya viza peke yake ni dola zao 2,000 tangu Julai 2025, na ukinyimwa hazirudi. Marekani mwaka wa kwanza kazi ni ndani ya chuo, basi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomtaka mtu aje atafute ada vibaruani. Zote zinataka pesa ionekane kwanza.

Kwa nini basi wimbo hauishi? Kwa sababu vyuo vingi vinamlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, mara nyingi asilimia ya ada ya mwaka wa kwanza. Awamu ya pili ikikwama, yeye alishakula chake. Vyuo vinajua, na kila mwaka vinawaongezea mikataba watu hao hao.

Najua mawakala mmo humu. Jibuni hapa hapa, msinifuate inbox: chuo kinakulipa kiasi gani kwa kila kichwa? Mteja akinyimwa viza unarudisha nini? Na ile ahadi ya "utajilipia mwenyewe", uko tayari kumwandikia kwenye mkataba na kutia saini yako?