Dada yangu anaanza tibakemikali kwa saratani ya titi: nimsaidie vipi bila kumchosha?

Muulizaji

Ndugu zangu, salaam. Dada yangu mkubwa amepimwa na kuthibitishwa kuwa na saratani ya titi, na madaktari wamepanga aanze kwa tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kisha afanyiwe upasuaji, halafu waangalie kama atahitaji mionzi. Dozi ya kwanza ni wiki ijayo, na mimi ndiye nitakayekuwa naye nyumbani. Tangu ndugu na marafiki walipopata habari, simu yake haipumziki: huyu anamwambia awe jasiri, yule anamsimulia mgonjwa aliyefariki, mwingine anamhimiza anywe mizizi aliyoichemsha mwenyewe. Yeye huwajibu wote kwa upole, kisha huingia chumbani na kufunga mlango, nami nisijue kama nimfuate au nimwache. Naomba mnieleze msaada ambao mgonjwa wa namna hii huuhitaji kweli. Vilevile, kama yupo anayefahamu, kwa nini upasuaji usubiri ilhali uvimbe unaonekana?

Jibu la kwanza

Pole sana, mdogo wangu, na umfikishie dada yako pole zetu. Nilimuuguza mama yangu kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo nianze na hilo la upasuaji kusubiri, kwa kuwa hata sisi lilitukosesha usingizi. Dawa zikitangulia huweza kuupunguza uvimbe, na wakati mwingine mgonjwa ambaye angeondolewa titi zima huishia kuondolewa sehemu yenye uvimbe tu. Zaidi ya hapo, madaktari hupata kuona kama saratani yenyewe inaitikia dawa walizochagua, jambo ambalo ni vigumu kuliona uvimbe ukiwa umeshatolewa. Mpango hutegemea pia aina ya saratani, maana zipo zinazochochewa na homoni za mwili, zipo zenye protini ya HER2 kwa wingi, na zipo zisizo na lolote kati ya hayo, na kila aina ina matibabu yake. Ndiyo maana dada yako asilinganishwe na mgonjwa mwingine yeyote, hasa huyo anayesimuliwa kwenye simu.

Nyumbani, tafuta daftari la kuandika tarehe za dozi, saa za kumeza dawa, alichoweza kula, na maswali ya kumwuliza daktari, kwa sababu mtu akishakaa mbele ya daktari husahau nusu ya aliyokusudia kusema. Dawa za kuzuia kichefuchefu azimeze kwa ratiba aliyopewa, hata kama bado hajajisikia vibaya, kwani kutapika kukishaanza ni vigumu zaidi kukutuliza. Baadhi ya dawa hizo hufanya choo kiwe kigumu, na wagonjwa wengi huona haya kulitaja, basi mwulize wewe kwa faragha. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kama harufu ya mapishi inamsumbua, apewe kikiwa kimepoa. Mswaki uwe laini, kwa kuwa kinywa huweza kupata vidonda. Akipewa doksorubisini, ambayo ni dawa yenye rangi nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Ajue mapema, asije akadhani ni damu.

Jibu la pili

Mimi nilitibiwa saratani hii, kwa hiyo nitasema kwa niaba ya huyo aliyefunga mlango. Kila nilipoambiwa niwe jasiri nilijiona nimekatazwa kulia, na nguvu niliyohitaji kwa ajili ya matibabu ikaishia katika kuwatuliza walionijia kunituliza. Gonga mlango, mwulize kama anapenda ukae naye au anataka kupumzika, na ulipokee jibu lolote bila kununa. Ukikaa, huna haja ya kuwa na la kusema. Kuhusu simu, mwombe ruhusa uwe wewe unayezipokea, lakini yeye ndiye aamue nani ajue nini. Ugonjwa umeshamnyang'anya maamuzi mengi, hayo yaliyobaki mwachieni.

Nywele huanza kukatika kama wiki 2 hadi 3 baada ya dozi ya kwanza, kwa dawa zile zinazosababisha hali hiyo. Usimnunulie kilemba wala wigi kabla hajataka. Wengine hupenda kunyoa mapema, wengine husubiri, na hakuna aliyekosea kati yao. Liko jambo moja lisiloweza kungoja: kama bado anatamani kuzaa, amwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa huweza kuathiri mayai ya uzazi, na njia za kuyahifadhi hupangwa kabla matibabu hayajaanza.

Jibu la tatu

Mimi ni muuguzi, nami nakazia jambo linaloweza kuokoa maisha yake. Hakikisha kuna kipimajoto nyumbani. Tibakemikali hupunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Joto likifika nyuzi 38, au akipatwa na baridi ya kutetemeka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe parasetamoli kwanza mkasubiri mpaka asubuhi, kwani inaweza kuishusha homa huku maambukizi yakiendelea. Kabla hamjaondoka kliniki siku ya dozi, ombeni namba ya kupiga usiku. Mizizi nayo asiinywe kabla daktari hajaijua, kwa kuwa baadhi ya mitishamba huathiri ini au hubadilisha utendaji wa dawa. Aliyeileta hana nia mbaya. Mwambie tu kwamba daktari ameagiza asitumie kitu kingine.

Muulizaji

Nawashukuru kwa moyo wote. Dada ameyasoma majibu haya, na maswali mawili tayari yamo kwenye daftari. Limebaki moja: binti yake ana miaka tisa na hajaambiwa. Wazee wanashauri afichwe.

Jibu la pili

Nawaheshimu wazee, ila katika hili sikubaliani nao. Mtoto wa umri huo ataziona nywele zikikatika na atawasikia watu wakinong'ona, kisha atajitungia maelezo yake, ambayo huenda yakawa ya kutisha kuliko ukweli. Atajwe ugonjwa kwa jina lake, aelezwe kwamba hauambukizi na kwamba haukutokana na kosa lake, na aambiwe ni nani atakayempeleka shule siku ambazo mama amechoka. Akiuliza kama mama atapona, ajibiwe kwamba madaktari wanamtibu na kwamba lolote jipya ataambiwa. Mama yake ndiye amwambie, kabla ya dozi ya kwanza, wewe ukiwa karibu endapo atashindwa kumaliza.