Dean alimwambia Sam "sawa", kisha akaenda kumuua Amy. Ninyi mngefanyaje?

Yaya wa Sambaza (Bukavu)

Wapendwa, jioni njema. Swali langu ni la Supernatural, ule mfululizo wa televisheni wa ndugu wawili, Dean na mdogo wake Sam, wanaowinda viumbe wabaya; ni msimu wa 7, sehemu ya 3. Walioiona wanivumilie nikiisimulia, kwa kuwa uchungu wote uko katika mpangilio wake.

Sam akiwa kijana alikutana na msichana anayeitwa Amy. Amy hakuwa binadamu, alikuwa kitsune, wale wanaoishi kwa kula tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa mtu. Mama yake alipotaka kumuua Sam, Amy alimuua mama yake mzazi ili Sam aishi. Hilo mlishike.

Miaka ikapita. Amy amekuwa mtu mzima, ana mtoto wa kiume, Jacob. Anafanya kazi mahali wanapotayarisha maiti kwa maziko, anakula vya wafu, aliye hai hamgusi. Kisha Jacob akaugua, vya wafu havikumfaa tena. Amy akaua watu. Mtoto alipopona, akaacha. Sam alimfikia, akamsikiliza, akamwachia aende. Dean akamwambia mdogo wake: sawa, nimekubali. Halafu akaenda peke yake hotelini kwa Amy, akamwambia kwamba kiumbe habadiliki, siku moja ataua tena, akamchoma kisu. Alipoinua macho, Jacob alikuwa amesimama pale anatazama.

Sasa niwaambie kwa nini sijalala vizuri tangu Jumapili.

Mimi ninauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kadutu. Tuko wanawake 12 katika likirimba, kila mmoja anatoa dola 10 kwa juma, na anayefikiwa na zamu anaondoka na dola 120. Daftari ni langu, na sanduku lilikuwa kwa rafiki wa mdogo wangu. Mwaka jana mtoto wa huyo rafiki alilazwa, akapona, lakini hospitali ikawazuia yeye na mtoto mpaka walipe. Usiku mmoja alitoa pesa yote sandukuni. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mjane, na zilikuwa zimebaki siku 4.

Mdogo wangu alikuja kwangu akilia. Aliniomba nimpe rafiki yake juma mbili, yeye mwenyewe atasimama kama mdhamini. Nilimwambia: "Nimekubali, nenda ulale." Asubuhi, kabla hata sijafungua gunia, nilikwenda kwa prezida wa kikundi nikamweleza yote. Yule rafiki wa mdogo wangu alifukuzwa, na meza yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Mdogo wangu sikumwambia kwamba ni mimi. Aliniuliza, nikasema labda mtu aliliona sanduku.

Jumapili alikuja na kompyuta na flashi, tukawa tunatazama kwa Kifaransa, ugali na lengalenga mbele yetu. Ilipofika pale Dean anaendelea na Sam kama hakuna kilichotokea, mdogo wangu aliweka tonge chini. Hakugeuza uso. Akasema: "Ni weye huyu, yaya." Akachukua viatu mkononi akatoka.

Kwa hiyo ninauliza kwa moyo wangu wote. Dean alikosa wapi? Kumuua Amy, au kusema "sawa"?

Kaka wa Nyawera

Yaya, pole. Mimi namtetea Dean katika la kwanza. Watu waliouawa na Amy nao walikuwa na mama zao. Yule mjane wako naye alikuwa na watoto wanaongoja dola 120. Tukimhurumia tu yule ambaye sababu yake tumeisikia, wale wasio na nafasi ya kusema watalia kwa nani? Wewe ulishika daftari la wanawake 12, si la rafiki mmoja.

Lakini kusema "sawa", hapana. Ungemwambia mdogo wako usoni: siwezi. Angekasirika usiku ule, yangeisha.

Fulgence_Lubumbashi

Kaka, mimi Dean simtetei hata robo, na sababu yangu iko msimu unaofuata. Huko toharani alikaa mwaka mzima na Benny, mnyonya damu, wakapigana bega kwa bega mpaka wakatoka. Benny aliwahi kuua, Dean anajua, na anamlinda. Hata alimtumia Sam ujumbe wa uongo kwenye telefone, kana kwamba Amelia, mwanamke aliyempenda Sam, yuko hatarini, ili Sam aondoke na Benny apone.

Basi ile sheria ya "kiumbe habadiliki" ilikwenda wapi? Ilikuwa sheria ya Amy, kwa kuwa Amy alikuwa rafiki wa Sam. Benny alikuwa rafiki wa Dean. Na Sam mwenyewe, aliyekunywa damu ya mashetani msimu wa 4 mpaka Lusifa akafunguliwa, Dean hakumchoma kisu. Baba yao alikwishamwambia kabla ya kufa: mwokoe Sam, na ukishindwa itakubidi umuue. Hakuweza. Mtu wake ni wa kuokolewa, mtu wa mwenziwe ni wa kumaliza.

Dada, jiulize hili bila kujionea aibu: kama aliyefungua sanduku angekuwa mdogo wako wa damu, ungekwenda kwa prezida asubuhi ile?

Yaya wa Sambaza

Fulgence, nimelisoma swali lako mara tatu. Hapana. Nisingekwenda. Ningekopa sambaza kwa wavuvi, niuze kwa hasara, nirudishe ile 120 bila mtu kujua.

Kaka, na wewe una haki. Yule mjane alipokea pesa yake siku ileile ya zamu, tulichanga upya. Nilipomwona anaifunga kwenye kona ya kitenge nilijua sikufanya vibaya tu. Lakini mdogo wangu nilimdanganya miezi 8, na hilo halina mjane ndani yake.

Papa Mstaafu (Goma)

Wanangu, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Filamu hiyo niliionea kwa wajukuu. Neno moja tu linanichoma pale: "habadiliki". Katika mtaa wetu kulikuwa na mtoto wa miaka 9 waliyemwita mlozi. Hakuna aliyeuliza amefanya nini, walisema ndivyo alivyozaliwa. Alilala chini ya meza za soko mpaka shangazi yake akaja kumchukua. Leo ni fundi seremala, kitanda ninacholalia alikiunda yeye. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba fulani habadiliki, mimi huuliza: umemngoja muda gani? Dean hakumngoja Amy hata juma moja.

Binti yangu, mdogo wako alikuomba juma mbili tu.

Mama Furaha_Bukavu

Yaya, mimi nimebaki na yule Jacob. Dean alipomaliza, alimwuliza yule mtoto kama ana mtu wa kumwendea, na kama yeye mwenyewe amewahi kuua. Mtoto akajibu kwamba atamuua mtu mmoja tu, na ni Dean. Lakini angalau alimwuliza.

Je, yule mtoto aliyekuwa amelazwa anaendeleaje? Mama yake anakula wapi sasa, bila meza?

Yaya wa Sambaza

Mama Furaha, sijui. Sikuwahi kuuliza. Ninajua tu kwamba ni wa kike, na kwamba siku walipomtoa hospitali mama yake alimbeba mgongoni kwa kitenge cha kijani akapita mbele ya meza yangu. Nilijifanya ninahesabu pesa.

Wamehamia Cimpunda, karibu na bomba la maji, ndivyo alivyosema mdogo wangu zamani. Nimempigia saa hii, hakushika. Nimemwandikia: "Ni mimi niliyesema kwa prezida. Nilikudanganya. Nionyeshe nyumba ya rafiki yako, niende mwenyewe."

Amesoma. Bado hajajibu. Kesho sifungui gunia asubuhi, nitapanda Cimpunda niulize hapo bombani.