Mjadala: Timu 16 kwa siku mbili Kisumu, tupunguze au tuziache zilivyo?

Kocha, Manyatta
Wadau, ratiba tuliyoizoea kwa vijana chini ya miaka 15 ni timu 16, makundi manne, viwanja viwili, Jumamosi na Jumapili. Hebu ihesabuni. Mechi za makundi 24, robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: mechi 32, kila kiwanja 16. Vipindi vya dakika 25, mapumziko 5, timu kupishana 10, jumla dakika 65. Mkianza saa mbili asubuhi mnamaliza saa kumi na dakika arobaini bila kusimama adhuhuri, na hapo hakuna mechi iliyochelewa. Anayefika fainali amecheza mara sita, dakika 300. Huyo ni mtoto wa miaka 14! Mimi nasema timu ziwe 12, makundi manne ya timu tatu tatu, vinara waingie nusu fainali.

Mratibu, Kondele
Hesabu ni sawa, Kocha, lakini ada ya hizo timu nne ndiyo inayolipa marefa. Tena timu ikikodi matatu kutoka Busia inataka mechi tatu za uhakika, si mbili. Na ratiba hii hii inachezwa Nakuru bila shida.

Nesi wa uwanjani
Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni kama 1,130, kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu. Jasho lisilokauka halipozi mwili, kwa hiyo ratiba ya kule haifai kunakiliwa huku.

Mtoto hasemi amechoka. Mtazame mechi ya tatu: mpira ukitoka anashika magoti, ukimuuliza anachelewa kujibu, pengine anaelekea goli lake mwenyewe. Akishachanganyikiwa hivyo, msimwambie ajikaze. Mtoeni, kivulini, vueni jezi, soksi na njumu, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Gari liitwe mkiwa mnampoza, lisingoje mmalize. Asiyejitambua hanyweshwi kitu, atapaliwa. Aliye timamu mwenye kiu apewe maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, maana chumvi ikizidi ni hatari.

Refa, Nyalenda
Sheria za soka zinaruhusu mengi tusiyoyatumia: kusimama ili wachezaji wapoe, sekunde 90 hadi dakika tatu, na kwa vijana, vipindi vifupi na mchezaji aliyetoka kurudi. Lakini lazima yaandikwe kwenye kanuni za mashindano kabla ya droo. Nikiyaamua katikati ya mechi, benchi la pili litaniona nimependelea.

Kocha, kundi la timu tatu lina mtego wake. Mechi ya mwisho, wawili wanaocheza wanajua matokeo yatakayowafaa wote, na wa tatu yuko kando. FIFA ilikuwa imepanga makundi ya namna hiyo kwa Kombe la Dunia 2026, ikayaacha Machi 2023 kwa hofu hiyo. Afadhali sare iishie kwa penalti: mshindi pointi mbili, mwenzake moja. Haizibi mwanya wote, ila inausonga.

Mwalimu wa michezo, Kakamega
Kuna kosa jingine. Timu 12 zinatoa mechi 16, lakini mkizigawa nane kwa nane, kuna timu itacheza kundi, nusu fainali na fainali Jumapili moja asubuhi. Hapo mmerudi kule kule. Makundi yaishe Jumamosi: kila kiwanja mechi nne saa moja hadi saa tano na dakika ishirini, mbili za mwisho saa tisa na nusu. Jumapili nusu fainali saa moja na nusu, fainali saa tano. Hakuna anayezidi mechi mbili kwa siku.

Mzazi, Nyamasaria
Saa tisa na nusu mwezi wa Aprili? Mvua ya radi je?

Refa, Nyalenda
Swali zuri, mama. Ngurumo ikisikika, wote ndani ya jengo au gari, si chini ya mti wala hema. Mnangoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, ikirudi mnaanza kuhesabu upya. Kwa sababu hiyo mimi ningeyapeleka mashindano likizo ya Agosti.

Mratibu, Kondele
Basi tufanye hivi. Timu 16 zisajiliwe. Nane ziingie moja kwa moja, nane zicheze mchujo karibu na kwao wiki moja kabla, nne zipite. Ada yote ipo, na vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe huko huko, tusije kugundua vijeba, yaani waliozidi umri, siku ya nusu fainali.

Kocha, Manyatta
Hapo nakubali, kwa masharti mawili. Zitakazotolewa zirudishiwe nusu ya ada, na nane za moja kwa moja zipatikane kwa droo mbele ya makocha wote.

Mratibu, Kondele
Droo sawa. Hiyo nusu ya ada sikubali: mchujo ni mechi nne zaidi, kila moja na refa na vibendera wawili. Nipe robo.