Tupeane uzoefu: mafundi wa kukata michongoma na minyaa, Mtwara na Lindi

Pwani ya Shangani: Wadau, leo nimepita mtaa mmoja hapa Shangani, jamaa anapunguza uzio wa bogonvilia kwa panga, nguvu zote. Nikamkumbuka wangu. Alijiita fundi bustani, ana kofia na mkasi mrefu. Jioni narudi nakuta vijiti vitupu, mbuzi wa mtaa mzima wanajipitia. Ninyi wenu mliwapataje?

Mama Korosho: Pole hahaha. Ikifika Oktoba usihangaike kutafuta, wote wako mikoroshoni.

Wa Chikongola: Kweli kabisa.

Mjukuu wa Mikindani: Mmenitonesha. Uzio wetu ni wa minyaa, aliupanda marehemu babu. Fundi akaja na mashine ya petroli. Bi mkubwa akamwambia, "Mwanangu, hiyo miti ina maziwa mabaya, vaa hata miwani." Fundi anacheka: "Mama, mimi nimekata bustani za Masaki huko." Akawasha. Sasa mashine haikati tu, inarusha. Utomvu umemtapakaa usoni, kifuani, kote. Muda si mrefu nasikia mtu mzima analia uani kama mwali wa jandoni. Macho yamefumba, na anayafikicha kwa mikono ileile yenye utomvu! Bi mkubwa kamkamata shingo, kamuinamisha bombani, kamfungulia maji mpaka nikadhani anamzamisha. Jirani naye kaja mbio, mtoto mgongoni, anataka kumkamulia maziwa ya ziwa machoni. Fundi anauliza, "Nani huyo?" Tukamtia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Ligula. Usiku ule hakuona kitu. Macho yalirudi baadaye, alhamdulillahi. Mashine bado iko stoo kwetu, hajaifuata.

Mzee wa Mtanda: Jirani alikuwa sahihi. Sisi huku Lindi tulitiwa maziwa ya mama utotoni tukapona.

Nesi Mstaafu: Shikamoo mzee. Hapana jamani, msitie maziwa. Maji safi, mengi, mfululizo, kisha hospitali. Minyaa inaunguza jicho.

Mzee wa Mtanda: Marahaba. Mbona mimi naona mpaka leo?

Nesi Mstaafu: Kwa miwani, mzee wangu.

Wa Chikongola: Mjukuu, mlimlipa lakini?

Mjukuu wa Mikindani: Nusu. Kazi nusu, hela nusu.

Deiwaka: Nusu!! Mtu kaunguzwa macho kwenu mnamkata na hela? Mungu anawaona.

Mjukuu wa Mikindani: Bajaji na dawa nani alilipa? Aliambiwa avae miwani.

Deiwaka: Sisi ndio mafundi mnaotusema. Mnataka uzio wote kwa buku kumi na chai hamtoi. Mkipiga simu semeni ni mti gani, mtu aje na glavu na miwani. Na uzio unakatwa chini mpana, juu mwembamba. Ninyi mnataka juu kunene, chini hakupati jua, majani yanapukutika, halafu "fundi kaharibu".

Pwani ya Shangani: Hapo kwenye jua nimekuelewa. Bogonvilia nikate lini?

Mama Korosho: Novemba, kabla ya mvua. Ikinyesha inachipua haraka.

Wa Chikongola: Subiri imalize maua kwanza. Inatoa maua kwenye machipukizi mapya, ukikata ovyo unakaa na majani tu.

Mama Korosho: Yangu nakata Novemba na maua yapo. Njoo uone.

Mzee wa Mtanda: Lipeni kwa kazi, msilipe kwa siku. Wangu wa siku alikata mti mmoja, akalala chini ya mwembe. Maji moto, wale sisimizi wakali wa mwembeni, wakamwamsha.

Wa Chikongola: Na matawi ya minyaa msitupe ovyo. Fundi wetu aliyamwaga kiwanja cha pili, mvua zikaja, yakashika. Sasa mwenye kiwanja anasema mpaka ndio pale, kapeleka mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nesi Mstaafu: Mbona rahisi, yang'oeni.

Wa Chikongola: Yeye ndiye hataki yang'olewe, dada!

Mama Korosho: Jengeni ukuta wa tofali mpumzike.

Pwani ya Shangani: Tofali unanunua wewe?