Tupeane uzoefu: umeachwa mlimani, jamaa ana mota au baiskeli yako ndo haijakaa sawa?

Wadau wa kunyonga baiskeli Dar, habari za jumapili. Naomba tuliongelee hili maana naona linaharibu magrupu. Kila tukirudi Pugu au Bunju lazima kwenye WhatsApp mtu aandike fulani kachakachua, mara ana mota ndani ya fremu, mara kadandia fuso, mara Strava (ile app ya simu inayorekodi safari na kupanga nani kapita kipande kwa kasi zaidi) kaiwasha akiwa kwenye boda, ukiuliza ushahidi hamna, ni kwamba tu kaachwa. Kuna watu wazuri kabisa wameacha kuja kwa maneno hayo na inaniuma kwa kweli.

Sisemi mota za siri hazipo. Januari 2016 kule Zolder, Ubelgiji, kwenye ubingwa wa dunia wa saiklokrosi (mbio za baiskeli za kwenye matope na vizuizi), baiskeli ya Femke Van den Driessche ilikutwa na mota imefichwa ndani ya fremu. Akajitetea kuwa baiskeli ni ya rafiki yake, UCI, chama cha baiskeli cha dunia, haikumuelewa, akafungiwa miaka 6 na faini faranga za Uswisi 20,000. Kwa hiyo kitu kipo, ila kuwepo Zolder sio ushahidi kwamba jirani yako wa Kimara anayo.

Leteni stori, za kushuku au kushukiwa. Majina ya watu msitaje.

Mdau, Goba:
Huku kwetu alikuja jamaa mgeni na mtumba wa Japani, magurudumu ya 26, fremu ya chuma, ukiiona huipi thamani yoyote, lakini toka Makongo mpaka Madale anawaacha watu wenye 29 mpya wanakasirika. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa grupu akasema jamani tusisengenye mtu, tumuulize mwenyewe. Jamaa wala hakununa, tukaenda nae kwa fundi, fundi akachomoa siti na bomba lake, akamulika tochi ndani ya fremu mpaka chini kwenye ekseli ya pedeli, hamna kitu, kutu tu na utando wa buibui. Alafu fundi ndo akaanza kuminya matairi ya wote tuliokuwepo. Ya jamaa magumu, meno ya katikati mafupi yamebanana karibu yawe laini, ya wengine mapana ya matope na upepo kidogo kama wanaingia msituni wakati njia yetu kubwa ni lami. Akanyanyua baiskeli ya yule aliyekuwa analalamika kuliko wote, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono, raundi mbili likasimama, pedi za breki zinasugua diski unasikia kabisa shii shii shii. Sasa mtu anapanda kilima amekamata breki alafu anatafuta mota ya mwenzake!

Mdau, Tabata:
Mkuu hapo Goba nakubali, ila uchakachuaji upo, mi nimeuona kwenye Strava. Kile kipande cha kupanda toka Pugu Kajiungeni kwenda Kisarawe, kuna mtu alishika namba moja kwa spidi ya kwenye tambarare ukiwa na upepo nyuma. Tukafungua data, spidi imenyooka kona zote, mapigo ya moyo kama amekaa kwenye kochi, ile ni pikipiki hamna mjadala. Unabonyeza kuripoti pale pale, Strava wana utaratibu wao, inatoka kwenye orodha na wala huhitaji kumtukana mtu kwenye grupu. Na mda mwingine mtu hata hajui, kamaliza kunyonga kapakiza baiskeli kwenye Noah kasahau kuzima simu. Pia katikati ya maghorofa ya Posta GPS inaruka yenyewe, unaona mtu kapita juu ya jengo kwa spidi 70, kwa hiyo angalieni ramani kwanza kabla ya kuhukumu.

Dada, Kigamboni:
Mimi ndo nimeshukiwa. Tulikuwa tunatoka Kibada kuelekea Kimbiji kwa njia za ndani, mnaujua mchanga wa kule, wanaume wameshuka wanasukuma mimi napita nimekaa. Tulipofika kivulini mmoja akaniita Femke mbele ya watu, wengine wakacheka, akataka baiskeli yangu igeuzwe juu chini ikaguliwe. Ya kwake hakuna aliyetaka kuikagua hata siku anapoongoza. Nikamwambia kagua, ila na ya kwako ikaguliwe, na waliocheka pia. Hakuna aliyejibu.

Siri ya mchanga wala sio siri. Nina tairi za nchi 2.4 zisizo na tubu, nazitoa upepo mpaka psi 18 hivi (psi ni kipimo cha presha ya tairi), nina mwili mdogo kwa hiyo zinanibeba, mtu wa kilo 95 asiige hiyo namba ataumiza rimu. Gia nyepesi naiweka kabla ya kuingia mchangani sio nikishakwama, mwili nyuma kidogo, mikono haikabi usukani, miguu haisimami kuzunguka. Wao walikuwa na presha ya lami, tairi linachimba kama jembe. Grupu lile nimeliacha, sasa naendesha na wengine na tunaelewana vizuri sana.

Mdau, Mbagala:
Pole sana dada, huo ni udhalilishaji. Mimi nina baiskeli ya umeme, goti langu lilifanyiwa upasuaji. Siku ya kwanza kabla hatujatoka niliwaambia jamani hii ina mota, betri hii hapa, na Strava naiandika kama baiskeli ya umeme ili nisiingie kwenye orodha ya wanaotumia miguu. Hakuna aliyenisema mpaka leo, na mtu akipata pancha nyuma mimi ndo narudi na pampu.

Mdau, Ukonga:
Naomba kuuliza hapo hapo, foki yangu ya upepo (shoku ya mbele) nikisimama kupanda kilima inadunda dunda nguvu zote zinaishia kwenye shoku, shida nini?

Mwanzisha mada:
Ukonga, foki ina upepo mdogo kwa uzito wako. Vaa begi na maji kama unavyoendaga, panda taratibu, kaa mkao wako wa kuendesha, ile ringi ndogo ya mpira kwenye mguu wa foki ishushe mpaka chini, alafu shuka bila kudundisha upime imesogea kiasi gani. Kama foki yako inacheza milimita 100, kwa njia zetu hizi ikizama 20 inatosha, ikizidi sana ongeza kwa pampu ya shoku, sio ile ya tairi. Kwenye lami ya kupanda, kama ina loki ya kuizuia isicheze, ifunge.

Dada Kigamboni, asante kwa kusema. Kwenye grupu letu naenda kupendekeza hivi: mwenye mota aseme kabla ya kutoka na anakaribishwa, mwenye shaka amuulize muhusika ana kwa ana, na ukiomba baiskeli ya mtu ikaguliwe ya kwako ndo inaanza. Wa Mbezi na Bunju mpo kimya, leteni na za kwenu.