Mpole majini, mgomvi grosari: pombe inambadilisha mtu au inamfichua?

Mtumbwi_Igombe:
Wakuu, habari za jioni. Huku mialoni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, Igombe hadi Kayenze, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, maana dagaa hawafuati taa. Hapo ndipo mgao, yaani malipo ya kila mvuvi, unapohamia grosari. Mtu aliyekuwa mpole giza zima, yaani siku zote za kuvua zisizo na mbalamwezi, bia ya nne anavunja kiti. Wazee wanasema pombe haileti tabia mpya, inatoa iliyokuwa ndani. Ni kweli? Na tajiri wa mtumbwi afanye nini?

Zamu_ya_Usiku:
Wazee wamepatia nusu. Kilevi huwahi kulegeza sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayojiuliza "nikifanya hivi itakuwaje?" Pia kinabana fikra: mlevi anaona kilicho mbele yake tu, bega lililomgusa au neno la kejeli. Kesho na ada ya watoto havipo. Ndiyo maana mtu yuleyule msibani analia na kwenye muziki mkubwa anapigana. Kama ni undani wake unaotoka, mbona unabadilika kufuata mahali?

Halafu kuna mwendo, na kwangu hili ndilo kubwa. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Ini husafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo bia moja inahitaji saa mbili au zaidi. Mwanamume wa kilo 70 akigida mbili kwa haraka, tumbo tupu, anakaribia gramu 0.8 kwa lita ya damu. Nne, mara mbili ya hapo. Mwanamke wa uzito huohuo kwa kawaida hupanda zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo. Chupa ya pombe kali ya mililita 250, asilimia 35, ni gramu 69: karibu bia tatu na nusu, na watu wanaimaliza wakisubiri mishkaki! Kilevi kinapopanda ndipo uchangamfu na ubishi vinapozidi. Kikishuka, usingizi na huzuni.

Kaunta_Kirumba:
Naongezea ya upande wa kaunta. Ugali na samaki viliwe kabla, si baada. Chakula huchelewesha pombe tumboni isikimbilie utumbo mwembamba, ambako nyingi yake huingia damuni. Kahawa na kuoga maji baridi havisafishi kitu, unapata mlevi aliye macho.

Kinachoharibu ni raundi, kwa sababu meza nzima inafuata mwendo wa mnywaji mwenye kasi kuliko wote. Mteja akianza kurudia swali lilelile na kupaza sauti, punguza muziki, mletee maji na supu. Ugomvi ukianza, usimwambie "umelewa". Mtoe mbele ya watazamaji, aongee na mtu mmoja tu anayemheshimu.

Mtumbwi_Igombe:
Asanteni. Basi tajiri akiwapiga marufuku kabisa giza linapoanza?

Zamu_ya_Usiku:
Hapo taratibu, mkuu. Kwa anayekunywa mara mojamoja, sawa. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho saa 6 hadi 24 baadaye, degedege ndani ya siku mbili, na kati ya saa 48 na 96 kuchanganyikiwa na kuona visivyopo. Hebu fikiria degedege ndani ya mtumbwi, usiku, katikati ya ziwa. Anayehitaji kinywaji asubuhi ili mikono itulie asipande chombo. Apelekwe hospitali, aachishwe kwa dawa na kupewa vitamini B1. Hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, wana idara ya afya ya akili. Na mgao ulipwe kidogokidogo, asubuhi, si wote jioni moja.

Mtumbwi_Igombe:
La mwisho. Wanaosema "sikumbuki nilichofanya" wanadanganya?

Zamu_ya_Usiku:
Wengine, ndiyo. Ila kuzima kupo kweli: pombe ikipanda haraka, ubongo unaacha kuhifadhi kumbukumbu mpya huku mtu anatembea, anaongea, hata analipa bili. Hajasahau, maana hakuna kilichohifadhiwa. Kumkumbusha asubuhi hakutairudisha, ila kiti atalipa.