Nta nyekundu kwenye kitambaa cheupe

Kikundi: Majirani wa Kota

Mama Zawadi: Jamani za jioni. Mshumaa mwekundu umemwagikia kitambaa cha mezani, cheupe, pamba tupu. Na matone mawili matatu yameangukia mkono wa abaya ya binti. Maji yako jikoni, nataka niloweke na sabuni ya unga. Nianze na kipi?

Fundi Kassimu: Zima jiko kwanza Mama Zawadi. Usiloweke.

Mama Zawadi: Nimezima. Kwani vipi?

Fundi Kassimu: Nta na maji havichanganyiki. Mishumaa hii ya dukani inayeyuka kwenye nyuzijoto 50 na kitu mpaka 60 hivi. Ukiitia kwenye beseni la maji ya moto inalegea, inatanda, halafu maji yakipoa inagandia kitambaa kizima. Uliingia na doa la kiganja, unatoka na utando kila mahali.

Bi Rukia: Na ule wekundu utazama. Rangi ya mshumaa inasafiri na nta. Kila nta inapoyeyuka, rangi inaingia ndani ya uzi. Kwa hiyo mwanangu, baridi kwanza, pasi baadaye, sabuni mwisho.

Mama Zawadi: Shikamoo Bi Rukia. Baridi ya namna gani?

Bi Rukia: Marahaba. Kitie kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uweke kwenye friza saa nzima. Kama friza imejaa, weka vipande vya barafu ndani ya mfuko ukandamize juu ya doa dakika 15. Lazima pabaki pakavu, pakilowa karatasi ya pasi haitanyonya kitu. Nta ikishakuwa ngumu, kunja kitambaa pale pale kwenye doa, utasikia inapasuka kama ganda la yai. Kisha kwangua na mgongo wa kisu au kadi ngumu, ukitoka ukingoni kwenda katikati. Usitumie kucha wala kiganja, joto la mkono linailainisha tena. Vumbi lake libandue kwa selotepu.

Baba Junior: Mafuta ya taa je? Tone moja tu linatoa.

Fundi Kassimu: Linatoa nta kweli, halafu linaacha mafuta na harufu, na baada ya hapo unaleta pasi ya moto juu yake. Hapana kabisa Baba Junior. Petroli ndiyo usiitaje.

Dada Neema: Sisi wa batiki nta tunaitoa kwa kuchemsha, kwa hiyo si kweli kwamba maji ya moto hayafai. Sufuria kubwa, maji mengi yanayotokota, sabuni ya mche iliyokwanguliwa, unageuza kwa mti. Nta inapanda juu, unaiengua. Kitambaa unakivuta maji yakiwa bado yanatokota, unakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, nta iliyosalia inaganda unaikung'uta. Unarudia mara mbili tatu.

Fundi Kassimu: Kwa nta isiyo na rangi nakubali Neema, maana sufuria haipoi kama beseni. Lakini huu ni mwekundu na kitambaa ni cheupe. Utakipaka uwaridi chote.

Dada Neema: Hapo sawa. Mwekundu usichemshe. Na yeyote atakayechemsha, yale maji asimwage kwenye sinki, nta inagandia bombani. Aache yapoe, atoe lile ganda la juu.

Mama Zawadi: Nimekwangua. Imebaki alama nyekundu yenye kung'aa, upana wa kisosi.

Fundi Kassimu: Sasa pasi. Mwaga maji yote yaliyomo, mvuke hautakiwi. Weka kwenye nukta mbili. Tandika taulo, juu yake karatasi ya khaki au tishu mikunjo mitatu, kisha kitambaa, doa likiangalia chini, kisha karatasi nyingine juu. Gazeti usilitumie, wino utahamia kwenye cheupe. Bonyeza sekunde 5, nyanyua. Usiburute pasi, ukiburuta unasambaza. Karatasi ikitoka na doa la mafuta kama iliyofungiwa maandazi, ndiyo nta hiyo. Sogeza sehemu safi, juu na chini, bonyeza tena. Wengi wanaharibu hapa, wanarudia karatasi ile ile, na ikishashiba inarudisha nta kwenye kitambaa.

Mama Shufaa: Na sisi wa pasi ya mkaa?

Bi Rukia: Kung'uta majivu kwanza. Dondosha tone la maji kwenye bapa. Likirukaruka, moto umezidi, subiri. Likitulia na kuchemka taratibu, inafaa. Jaribu kwenye tishu tupu, ikigeuka hudhurungi ngoja tena. Na weka kitambaa cha pamba juu ya karatasi.

Mama Zawadi: Abaya nayo nukta mbili?

Bi Rukia: La! Hiyo ni poliesta, nukta moja tu. Ikizidi inang'aa kama imepakwa mafuta na mng'ao huo hauondoki. Igandishe, kwangua na kadi ya plastiki. Uzi wake ni laini, nta kubwa itabanduka yenyewe. Kilichobaki piga pasi kwa upande wa ndani, na kitambaa cha pamba katikati. Kama mkononi kuna vijiwe vya gundi, pasi isivikaribie, gundi inalegea.

Mama Zawadi: Karatasi ya nane imetoka safi. Wekundu umefifia ila upo.

Bi Rukia: Chomoa pasi, fungua dirisha, moto wowote uwe mbali. Spiriti kwenye pamba, ijaribu kwanza kwenye pindo. Weka kitambaa kikavu chini ya doa, gusagusa kutoka ukingoni, usisugue. Geuza pamba kila inapopata rangi. Ikiisha kutoa, suuza vizuri, paka kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, acha dakika 15, fua kwa maji ya moto.

Mama Shufaa: Kwa nini asitie dawa ya klorini moja kwa moja?

Bi Rukia: Nta inaifunika rangi, dawa haiifikii. Na klorini isikutane na spiriti wala siki, mchanganyiko huo ni sumu. Ukibaki uwaridi baada ya kufua, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa, loweka hapo tu dakika 20, suuza.

Fundi Kassimu: Kabla ya spiriti, subiri. Nyunyizia maji kidogo kwenye doa. Kama bado kuna nta, maji yatakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Kama imekwisha, yatazama.

Mama Zawadi: Yamezama kote, ila pembeni kuna mahali kama upana wa shilingi mia yamekaa.

Fundi Kassimu: Acha pakauke kabisa, kisha rudisha pasi hapo tu. Karatasi mpya.